Tunauziwa brashi za kukwangulia kutu kama brashi za wavu wa nyama choma, na nyaya zake zinabaki kwenye chakula

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninafungua uzi huu kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa jambo lenyewe linahusu chakula kinachoingia vinywani mwa watu. Kazi yangu ni kuchoma mbuzi, kuku na mishkaki kwenye sherehe hapa Dar es Salaam, na kwa anayefanya kazi hii kifaa cha kusafishia wavu hakikosekani hata siku moja. Sasa niambieni kwa nini mtu aende Kariakoo, aombe brashi ya kusafishia jiko la nyama choma, apewe brashi iliyotengenezwa kwa ajili ya kukwangua kutu na rangi kuukuu kwenye mageti, halafu aambiwe kwamba zote ni zile zile.

Brashi niliyouziwa ilikuwa ndani ya pakiti ya plastiki yenye picha ya nyama ikifuka moshi, pamoja na maandishi ya Kiingereza yaliyodai kwamba nyaya zake ni za shaba ya njano na kwamba hazing'oki. Baada ya kusugua wavu ukiwa na moto nilipitisha kitambaa cheupe chenye unyevu, kama ninavyofanya kila mara kabla ya kuweka nyama, na kitambaa kikanasa kwenye pembe moja, pale ambapo nondo mbili za wavu zinapishana. Niliinama na tochi ya simu. Kulikuwa na waya umesimama wima ndani ya mafuta yaliyogandamana, mwembamba kuliko pini ya kushonea na mweusi kwa masizi, kiasi kwamba bila kile kitambaa nisingeuona kamwe. Nilipoendelea kupangusa nikapata mwingine, kisha mwingine. Waya kama huo hujichomeka kwenye paja la kuku linapogeuzwa, ukaenda nalo hadi mezani, na mlaji hawezi kujua lolote mpaka umchome kooni.

Nilirudi dukani na brashi, pakiti yake na risiti. Kijana aliyeniuzia akasema, "Mama, brashi mpya lazima idondoshe kidogo, ikishazoea inaacha." Nikamuuliza kama yeye yuko tayari kula nyama kutoka kwenye wavu huo wakati brashi bado inazoea. Hakunijibu, alinionyesha maneno yaliyochapwa chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Ndipo mwenye duka akatoka nyuma ya kaunta na kuniambia kwamba wachoma nyama wa jiji zima wanatumia brashi hizo hizo na hakuna aliyekufa. Kauli hiyo ndiyo iliyonikaa rohoni.

Nani aliwahi kuhesabu, hata tuseme hakuna aliyeumia? Wenzetu waliohesabu wanayo majibu. Julai 2012 taasisi ya CDC ya Marekani, inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, ilichapisha taarifa ya wagonjwa 6 waliotibiwa Providence, katika jimbo la Rhode Island, kati ya Machi 2011 na Juni 2012, wote wakiwa wamemeza nyaya zilizong'oka kwenye brashi za kusafishia majiko ya kuchomea nyama. Baadhi yao walichomwa shingoni wakawa hawamezi bila maumivu, na wengine walitobolewa utumbo, wakalazimika kufanyiwa upasuaji wa dharura. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walikadiria kwamba kati ya 2002 na 2014 watu wapatao 1,698 walifikishwa kwenye vitengo vya dharura vya hospitali za Marekani kwa majeraha ya namna hiyo, na sehemu zilizoumia mara nyingi zaidi ni mdomo na koo. Hapa kwetu mtu akihisi kitu kimemkwama baada ya kula choma husema ni mfupa, humeza tonge kubwa la ugali ili kiteremke, na tumbo likimkata kesho yake hununua dawa za vidonda vya tumbo. Kwa utaratibu huo mwenye duka ataendelea kusema hakuna aliyekufa hadi mwisho wa dunia. Ninawaomba sana, ikiwapata hali hiyo mwambieni daktari waziwazi kwamba mlikula nyama ya kuchoma, kwa sababu kipande chembamba cha waya kinaweza kupita bila kuonekana kwenye picha ya kawaida ya eksirei na kikahitaji kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya kompyuta.

Nirudi kwenye brashi yenyewe, kwa sababu udanganyifu wake unaweza kuthibitishwa papo hapo dukani. Shaba ya njano haivutwi na sumaku. Brashi yangu niliigusisha sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ikang'ang'ania, maana yake ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya shaba kwa juu. Chuma hicho kikilowa na kukauka mara kwa mara hushika kutu pale nyaya zinapoingia kwenye mti wa brashi, na pale ndipo zinapokatikia. (Kwa brashi inayodaiwa kuwa ya stenlesi, sumaku haiamui kesi, kwa kuwa zipo stenlesi zinazovutwa na zisizovutwa, hivyo asikudanganye mtu kwa kipimo hicho.) Kipimo kingine ni cha mkono: shika waya mmoja kwa plaizi na uvute. Ukitoka kwa mvuto mdogo, irudishe brashi kwenye rafu yake na uondoke. Muuzaji akikukataza kuivuta, ujue anajua kitakachotokea.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tunalazimishwa kuamini kuwa bila brashi ya waya wavu hautakati, wakati kazi kubwa ya kusafisha wavu hufanywa na moto wenyewe. Mafuta ya nyama yakipashwa joto kwa muda mrefu hujishika kwenye chuma yakawa ngozi ngumu inayong'aa, na ngozi hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa kusugua ikiwa baridi. Ukitoa nyama ya mwisho usizime mkaa. Uache wavu juu ya makaa mekundu hadi mafuta yaache kufuka moshi na ukoko ugeuke mkavu wa kuvunjika. Hapo ndipo kikwangulio kinapofanya kazi yake bila shida. Kwa wavu wa nondo au wa bapa nene ninatumia kisu bapa cha kupigia puti, kile cha wapaka rangi, ambacho nilimpa fundi wa kuchomelea akakitoboa mapengo kwenye ncha yanayolingana na unene wa nondo zangu. Kinakwangua juu na ubavuni kwa pamoja, na hakina kitu cha kudondosha. Yapo pia mabapa ya mbao ngumu ambayo hujichonga yenyewe mifereji ya wavu wako kadiri unavyoyatumia kwenye moto. Ukitengenezewa, hakikisha mbao haikupakwa vanishi wala dawa ya mchwa.

Baada ya kukwangua ndipo huja kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, kikashikwa kwa koleo ya mishikio mirefu na kupitishwa juu ya wavu ungali moto. Mvuke unaotoka hubandua masizi yaliyobaki kwenye pembe, na kitambaa hukamata chochote kilicholegea, ukiwemo waya. Kuna wanaosugua kwa nusu ya kitunguu kikubwa kilichochomekwa kwenye uma. Kinasaidia kwa uchafu mwepesi baada ya kukwangua, ila mwenye ukoko wa wiki nzima asikitegemee. Anayetumia wavu wa chuma cha kalibu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo, asimwage maji ya baridi juu yake ukiwa na moto, kwa sababu unaweza kupasuka. Mwisho pitisha mafuta kidogo ya kupikia, yatazuia kutu na nyama inayofuata haitanata kwenye wavu. Ngozi nyembamba ya mafuta hayo kwenye chuma cha kalibu ni kinga yake, si uchafu, na anayeisugua hadi chuma kiwe cheupe anajitafutia kutu.

Brashi za nailoni zina kazi yake, lakini ni kwenye wavu uliopoa tu. Ukizigusisha moto zinayeyuka na plastiki inabaki kwenye chuma. Stili waya ndiyo siitaki kabisa karibu na jiko, kwani hukatika vipande vidogo kuliko vya brashi na havionekani kwa urahisi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wanalinyamazia. Nyavu nyingi za bei rahisi tunazochomea ni zile za waya uliopakwa zinki, zilizokusudiwa kujengea mabanda ya kuku. Zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 420 hivi za Selsiasi, na mkaa uliopepewa vizuri hulipita joto hilo. Ukija kuusugua wavu huo kwa brashi ya waya unaondoa zinki iliyobaki na kuisambaza mahali utakapoweka chakula. Wavu wa namna hiyo hausafishwi kwa kifaa chochote, unaondolewa jikoni. Wapo pia wanaoloweka nyavu kwenye magadi ya kuchoma, yaani kostiki soda, kwa kuwa inageuza mafuta kuwa sabuni na kazi inakuwa nyepesi. Ni kweli inafanya hivyo, lakini inaunguza ngozi na macho, inakula alumini na zinki, na ikibaki kwenye wavu inaingia kwenye nyama. Kwa chuma kitupu, kwa mtu mwenye glavu na miwani, anayesuuza kwa maji mengi, sitabishana naye. Kwa kijana wa baa anayefanya kwa mikono mitupu saa kumi alfajiri ni ukatili wa mwajiri.

Nikirudi kwa yule mwenye duka, sikubali kwamba maneno ya chini ya risiti yanamaliza suala. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Nami nilimweleza kwa maneno yangu kwamba ni ya jiko la nyama. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na kuandika shaba mahali penye chuma ni kupotosha. Tangu 2019 usalama wa chakula, uliokuwa chini ya TFDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa, umehamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa hiyo taasisi moja sasa ina dhamana ya viwango vya bidhaa na ya kile tunachokula. Ninaandaa malalamiko ya maandishi nikiambatanisha brashi, pakiti na nyaya nilizozitoa kwenye wavu, nilizozifunga ndani ya karatasi nyeupe. Ninachodai ni kwamba brashi za kutu ziuzwe kwa jina lake, na kwamba brashi yoyote yenye picha ya nyama kwenye pakiti ipimwe kama nyaya zake zinashika kabla haijaingia sokoni.

Wenye baa na mabanda ya choma mliomo humu, nendeni mkaangalie brashi inayoning'inia kando ya jiko lenu sasa hivi. Kama ina mapengo, jiulizeni nyaya zilizokuwa hapo ziko wapi. Na wateja, muwe na ujasiri wa kuomba kuiona kabla ya kuagiza nusu kilo; hamumtukani mtu kwa kuuliza.

Aliyewahi kupata waya kwenye nyama, au aliyeuziwa brashi ya aina hii, aweke picha hapa pamoja na maandishi ya pakiti, bila kutaja jina la duka, ili niyaambatanishe. Na kama kuna fundi humu anayetengeneza vikwangulio vya mapengo kwa vipimo vya mteja, aandike bei yake na unene wa bati analotumia, kwa sababu ninahitaji vitatu kabla ya msimu wa harusi.