Tupeane uzoefu: mzungu aliyehamia kijijini kwenu, mliishi naye vipi?

Mwanamisi wa Tiwi
Salaam jamani. Leo asubuhi nimepanda matatu Likoni naenda Ukunda, mbele yangu kakaa mzungu mtu mzima, ndara miguuni, jogoo kampakata na kamfunga leso kama mtoto. Konda amwambia jogoo alipiwe nusu nauli, mzee ageuka amjibu kwa Kiswahili safi, "Huyu hajafika miaka mitatu." Gari zima lilicheka mpaka Waa.

Basi nikamkumbuka Mjerumani wetu. Sisi kwetu ni Tiwi ya ndani, sio ufuoni, kule kwenye minazi na mikorosho. Huyu bwana alikuja mimi niko darasa la saba, akasema hataki habari za mahoteli, ataka kijiji, ataka alale akisikia ndege. Akajenga nyumba ya udongo na makuti. Babangu alishangaa mpaka akachoka, yeye ana miaka akidunduliza atoke kwenye makuti anunue mabati, na huyu mwenye pesa ya ghorofa ataka makuti 😂

Alfajiri ya kwanza tukasikia mayowe. Kafungua dirisha aone jua likichomoza, kaona miguu ya mtu yaning'inia hewani. Akapiga kelele za mwizi kijiji kizima kikatoka na mapanga. Kumbe ni mgema wetu yuko juu anagema kama siku zote, kisu kiunoni, kibuyu mkononi, ashangaa kwani hawa wamekuja kumuua nani. Na jioni akapanda tena, maana mnazi hugemwa asubuhi na jioni. Yule Mjerumani akasema lakini shamba nimelinunua, akaambiwa ndio shamba ni lako, ile minazi sita ni ya mzee fulani, aliipanda babake. Alikaa chini kwenye mchanga pale pale.

Haya tupeane, nyinyi wenu alikuwa vipi?

Fundi Bomba
Wangu alikuwa Muitaliano huko nyuma ya Vipingo. Kaniita nimjengee choo, nikaenda na vyombo vyangu vyote, aniambia hataki maji. Ataka ndoo na vumbi la mbao, ukimaliza wamwagia vumbi, ikijaa wapeleka shambani ikawe mbolea. Nikamwambia mzee, sisi huku twauza mbuzi tuache choo cha shimo, wewe wakirudia na tena wanilipa mimi? Akanilipa. Na sio kidogo. Kilichonishinda ni bawaba na misumari, alileta za bei kutoka kwao, mwaka haukuisha zote kutu, hewa ya bahari haijui umezitoa wapi. Mlango wa choo ukawa wabebwa na mtu, ukiingia wauegemeza.

Mlevi wa Dafu
Mlango wabebwa 😂😂😂

Msomi wa Kisauni
Mwanamisi, huyo Mjerumani hakununua shamba. Katiba ya 2010 kifungu cha 65 iko wazi, asiye raia hapati ardhi ila ya kukodi na haizidi miaka 99. Ukiona mzungu asema kanunua ujue ama kakodi ama kaandikisha kwa jina la mke. Na kwa hati, kilichoota juu ya shamba ni cha mwenye hati, huyo mgema alikuwa avamia tu.

Mpwani Halisi
Avamia wewe! Msomi tuheshimiane. Pwani hii shamba ni kitu kimoja na minazi ni kitu chengine, tangu mababu. Mtu aweza kuuza kiwanja akabaki na minazi yake, aweza kuuza minazi akabaki na kiwanja. Hiyo hati yenu ndio iliyowafanya watu waamke asubuhi waambiwe ni maskwota kwenye makaburi ya babu zao.

Msomi wa Kisauni
Sijasema ni haki, nimesema ndivyo ilivyoandikwa.

Mpwani Halisi
Basi soma uende ukapande mnazi wa mtu uone kama utashuka na hiyo karatasi.

Chausiku
Wenyewe mwajua twaongea mambo ya mzungu na jogoo eti.

Mlevi wa Dafu
Mimi shida ya wetu ilikuwa komba. Yule mama alisikia usiku mtoto alia juu ya mti akatoka na tochi na blanketi kuokoa mtoto. Tukamwambia mama rudi ulale huyo ni komba, kanywa mnazi kwenye kibuyu cha watu sasa atafuta bibi. Akasema wanyama hawalewi. Kesho yake twamuonyesha mmoja kalala chini ya mnazi mikono kaitandaza, hata mbwa wamnusa haamki. Tangu siku hiyo akiona mtu apepesuka njiani asema "komba". Kiswahili chake chote alianzia hapo.

Bi Mkubwa wa Majengo
Ndio maana wahenga husema mlevi kama komba, mwanangu.

Dereva Usiku
Nyinyi mwacheka komba, mimi nina yangu na mpaka leo nikipita pale mwili wasisimka. Nilikuwa na tuktuk, kituo changu Ng'ombeni. Kulikuwa na mama wa Kifaransa akiishi peke yake huko ndani, nyumba iko mbali na barabara, hana uzio, asema uzio wafukuza wanyama. Mama mzuri sana, hana maringo, akinipigia simu huniuliza kwanza mtoto aendeleaje ndio aseme wapi aenda. Sasa usiku mmoja kama saa tano askari wake anipigia, maneno hayashikani, nasikia "mama katemewa, mama katemewa". Nikawasha nikaenda ile njia ya mchanga taa moja yaungua moja imekufa

nikafika namkuta kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nguo chapa maji, macho kayafumba yamevimba kama maandazi. Paka wake alikuwa kakodolea chini ya tangi la maji, na yeye akainama na tochi aangalie paka aona nini. Swila huyo. Kamtemea yote mawili. Nikakuta askari amwagia maziwa ya pakiti, pakiti ya tatu hiyo, jirani mmoja kaja na jiwe la nyoka ataka kumbandika kwenye macho, mwengine atafuna majani nisiyoyajua amtemee tena yeye juu ya ile sumu! Nikasema nyote nyamazeni nipeni maji. Mtungi wa lita ishirini tukauweka ndani ya tuktuk, askari nyuma amuinamishia kichwa nje amwagia kidogokidogo njia nzima mpaka Likoni. Yule mama halii. Kanishika bega hapa, kucha zake siku tatu ziko.

Chausiku
Ya Rabbi.

Mama Wawili
Kwani Kwale hakuna hospitali? Mbona mpaka mvuke feri na mtu macho yaungua?

Dereva Usiku
Bima yake ni ya hospitali fulani kisiwani, na yeye mwenyewe kasema twende huko, mimi nibishane na mgonjwa? Tukafika Likoni foleni ile, nikashuka nikaenda kwa walinzi nikawaambia nina mtu atapofuka, wakatupitisha mbele kabisa. Ndani ya feri ndio kivumbi. Watu wakatuzunguka, kila mtu daktari. Huyu asema asifumbue, huyu asema afumbue, mchukuzi wa samaki asema mkojo wa mtoto. Mzee mmoja wa kofia akaja hakuuliza kitu, akaanza kumsomea, na mama mmoja muuza kahawa akatupa chupa mbili za maji ya kunywa bila kulipisha. Pale katikati ya maji, feri yalia, yule mama akafungua mdomo kwa mara ya kwanza toka tutoke kwake. Nikainama nimsikie. Ngojeni nimepata mteja wa Bombolulu narudi

Mlevi wa Dafu
WEWE

Mama Wawili
Huyu kaka hana adabu. Alisema nini???

Msomi wa Kisauni
Wakati twangoja. Maji mengi ndio sawa, robo saa au zaidi. Sumu ya kutemewa machoni haiui mtu, hatari yake ni kidonda kwenye jicho na upofu ukichelewa. Maziwa ni pale huna maji. Na swila wa Pwani sio wote aina moja, yule mkubwa wa rangi ya udongo alitambuliwa kama aina yake mwaka 2007, na yule nyoka ambaye wataalamu walimtumia kuieleza aina hiyo alitoka Watamu.

Mpwani Halisi
Mtu macho yawaka yeye atupa tarehe.

Bi Mkubwa wa Majengo
Pandeni mchaichai kuzunguka nyumba, nyoka haupendi.

Fundi Bomba
Bi Mkubwa kwa heshima zote, mimi nilitoa nyoka wawili ndani ya mchaichai wa shemeji yangu. Dawa ni paka.

Chausiku
Si paka ndio aliyempeleka mama wa watu kwenye tangi? Bata bukini. Nyoka, mwizi, mgeni asiyetakiwa, wote wakimbia.

Mama Wawili
Bata bukini wafukuza mpaka mume. Mimi nafyeka tu nyasi, sirundiki kuni karibu na nyumba, na usiku sitoki bila tochi na viatu.

Mgeni Msambweni
Habari zenu. Mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumzia, Mholanzi, ninaishi kijijini upande wa Msambweni kwa miaka kumi na moja sasa, mke wangu ni Mdigo. Naomba na mimi nichangie.

Mlevi wa Dafu
Karibu. Huyu aandika kama taarifa ya habari 😂

Mgeni Msambweni
Nilijifunza Unguja, nisameheni. Watu hudhani kilichonishinda ni nyoka au siafu. Siafu waliingia kweli, mara mbili, tukawaachia nyumba usiku kucha na asubuhi walikuwa wameondoka, mende wote pia wameisha. Kilichonishinda ni hodi. Nilikuja kutafuta ukimya. Kumbe kijiji hakina ukimya, jogoo saa tisa, adhana, pampu ya jirani, harusi usiku kucha, na kila saa mtu anapiga hodi. Hana shida, hana ujumbe, amekuja tu. Kwetu mtu hupiga simu kwanza, hata dada yangu wa tumbo moja.

Siku moja nilichoka. Nikasikia "hodi" ya bibi mmoja jirani. Nikanyamaza. "Hodi." Nikazima redio polepole, nikakaa chini nyuma ya mlango kama mtoto. "Hodi!" Ya tatu. Najua desturi, ya tatu usipojibiwa unakwenda zako. Nikasubiri nyayo ziondoke, hazikuondoka. Akakaa barazani. Nikamsikia akijipepea, akikohoa, akisema na kuku. Saa mbili nzima, na mimi sakafuni mkojo umenibana. Mwishowe nikafungua mlango nikijifanya nimetoka usingizini. Alikuwa na sinia la muhogo wa nazi limefunikwa kwa kawa, umepoa kabisa. Akaniangalia magoti, yamejaa vumbi la sakafu, akaniangalia usoni. Akasema, "Nilijua umo. Ndara zako ziko nje."

Chausiku
Ndara ziko nje 😭😭 nimekufa

Bi Mkubwa wa Majengo
Huyo bibi alikupenda. Angekuwa hakupendi angeenda na muhogo wake.

Mgeni Msambweni
Najua, Bi Mkubwa. Alifariki mwaka juzi. Sinia ninalo bado.

Mpwani Halisi
Mgeni nakuuliza swali moja bila ugomvi. Shamba umekodi ama ni la mke? Na minazi je?

Mgeni Msambweni
La mke. Minazi mitatu ni ya mjomba wake na sijawahi kugusa hata dafu lililoanguka.

Mpwani Halisi
Umeiva wewe. Msomi njoo usome hapa.

Msomi wa Kisauni
Nimesoma. Bado ndivyo ilivyoandikwa.

Fundi Bomba
Mgeni, mlango wa choo chako wafungika?

Mgeni Msambweni
Ni pazia.

Dereva Usiku
Nimerudi. Mteja alikuwa mbishi wa bei. Haya. Pale katikati ya feri nimeinama nasikiliza, nimejua ataka kuniachia wasia, ataka niwapigie watoto wake Ufaransa. Akasema, "Paka mmemfungia ndani?" Wallahi. Askari na mimi tukaangaliana, hakuna aliyemfungia paka. Nikamwambia ndio mama, yuko ndani. Nilimdanganya, Mungu anisamehe.

Hospitali wakamuosha tena muda mrefu, wakamtia dawa, wakamfunga macho yote mawili. Siku nne hivi akafunguliwa, aona. Jua ndilo lamsumbua, mpaka leo avaa miwani myeusi hata mawingu. Paka alikutwa asubuhi yuko juu ya tangi.

Mama Wawili
Alhamdulillahi. Na huyo swila mlimuua?

Dereva Usiku
Askari alitaka kuchoma kile kichaka chote. Mama akakataa, asema yeye ndiye aliyemmulika nyoka tochi usoni usiku wa manane, na angekuwa yeye angetema pia. Kaweka taa juu ya tangi na kokoto chini, basi. Nyoka yuko pale pale najua mimi. Sasa akinipigia usiku siingii ndani, napiga honi kule barabarani, yeye ndiye ajileta na tochi yake.

Mlevi wa Dafu
Yaani mwanamume wa Likoni amwogopa nyoka wa Mfaransa.

Dereva Usiku
Twende wote kesho, wewe utangulie.

Mwanamisi wa Tiwi
Nimesoma zote nimecheka nimelia. Mjerumani wetu kwa faida yenu alikuja akasikizana na yule mzee mwenye minazi, kila mwezi ampa kitu kidogo mgema aanze na minazi ya mwisho, aje ya dirishani jua likishatoka. Mgema hulala zaidi sasa, amshukuru kila siku.

Chausiku
Kuna mtu yuko Likoni saa hii? Feri yaenda vizuri?

Fundi Bomba
Feri zaenda mbili tu. Njoo na mahamri.