Naomba ushauri: kuandaa mwongozo wa kutibu kipandauso kwa tiba asili ya Kichina

Ndugu wataalamu, habari za kazi. Ninasoma Beijing, na nimepewa jukumu la kuandaa rasimu ya mwongozo wa kutibu kipandauso kwa tiba asili ya Kichina, nikipima ubora wa ushahidi kwa utaratibu wa GRADE wenye ngazi nne, na nimekwama. Wagonjwa wawili wenye kipandauso kile kile, mmoja ana ulimi mwekundu na mapigo yaliyokaza kama kamba ya upinde, mwingine ulimi uliopauka na mapigo membamba, hapa huandikiwa dawa tofauti, ilhali majaribio mengi niliyosoma yamewaweka katika kundi moja. Je, niandike pendekezo moja la jumla, au niligawe kwa kila hali hata kama ushahidi utashuka daraja? Kwa upande wa akupancha (tiba ya kuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa), mtoa tiba katika majaribio hawezi kufichwa anachokifanya. Je, kwa kasoro hiyo nayo niushushe ushahidi daraja? Mwalimu wangu anataka vitabu vya kale vihesabiwe kuwa ushahidi, nami naona vitajwe kama uzoefu tu. Aliyewahi kukaa kwenye jopo la miongozo ya tiba, hata ya malaria au kisukari, naomba anieleze waliamuaje.