VLAN mpya kwenye tranki: mashine zingine zinapingi, zingine zimekufa, na swichi ni zile zile

kijana_wa_tudor

Salaam wakubwa. Hebu nisaidieni manake nshazunguka mpaka kichwa chauma.

Tuna raki mbili za seva kituo cha data huko Miritini, kampuni ni ya kutoa mizigo bandarini, si kubwa. Juu kuna swichi mbili za Cisco aina ya Nexus 9000, tuziite A na B, zimeungana zenyewe kwa zenyewe kwa nyaya mbili zilizofungwa pamoja zikawa poti-chaneli 1 (Po1), tranki, yaani njia moja inayopitisha VLAN nyingi (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zile zile). Seva za ESXi, zinazobeba mashine pepe ndani yake, ziko tatu na kila moja ina mguu mmoja A na mguu mwingine B, yaani kadi ya mtandao vmnic0 yaingia A na vmnic1 yaingia B. Faiawali imechomekwa A peke yake na ndiyo geti (mlango wa kutokea) la VLAN zote. Zilizokuwako ni VLAN 10 ya ofisi, 20 ya hifadhidata na 30 ya usimamizi, zote zapiga kazi vizuri tangu fundi aliyetufungia aondoke, na fundi mwenyewe sai hashiki simu.

Sasa bosi ametaka kamera za yadi ya Changamwe zirekodiwe kwenye hizi seva. Nikatengeneza VLAN 40 kwenye A, nikairuhusu kwenye poti za seva na kwenye Po1 swichi zote mbili, kule ESXi nikaunda potigrupu (kundi la poti za mashine pepe) inaitwa KAMERA nikaipa 40. Matokeo yake ni mashine mbili zinaliona geti, tatu hazilioni. Na kinachonishangaza, nikirestati moja iliyokufa (nazima kabisa nawasha) pengine inaamka, nikirestati iliyo hai pengine inakufa! Hakuna mpango. IP ziko sawa, masiki iko sawa, faiawali ya Windows nimezima, kebo nimebadilisha.

Poti ya seva kwenye A ni hivi, na B ni hivyo hivyo:

```
interface Ethernet1/5
  switchport mode trunk
  switchport trunk native vlan 999
  switchport trunk allowed vlan 10,20,30,40
```

Hii si bagi ya NX-OS, mfumo wa hizi swichi, kweli?

---

mahamri_na_swichi

Toa hizo namba zote weka `switchport trunk allowed vlan all` ukalale. Kuorodhesha moja moja ni kujitesa bure.

---

bwana_kebo

Mimi naona shida ni hiyo 999, hiyo netivu ya ajabu ajabu imetoka wapi? Weka netivu iwe 40 manake ndiyo VLAN unayoitaka, mashine zote zitapata.

---

bi_mkubwa_nyali

@bwana_kebo la, usimpoteze mtoto wa watu. Fremu ikipita kwenye tranki inabandikwa tagi ya 802.1Q, ni baiti 4 tu, na ndani yake biti 12 ndizo zinazobeba namba ya VLAN. Netivu ndiyo ile VLAN moja ambayo swichi haiipi tagi. Sasa ukiifanya 40 kuwa netivu, swichi inaituma kwa seva uchi, na ile potigrupu ya ESXi imeambiwa isubiri fremu zenye tagi ya 40. Hazitaonana. Hata hizo mbili zilizo hai zitakufa, halafu mtakuja hapa tena mseme ni bagi. Ukitaka netivu basi potigrupu iachwe bila namba, lakini hakuna sababu ya kufika huko. Hiyo 999 isiyo na mtu ndani yake ni jambo zuri alilofanya huyo fundi wenu, fremu ikija bila tagi inaangukia mahali hakuna mtu. Muhimu ni pande mbili za waya zikubaliane, ukiweka 999 huku na 1 kule unakuwa umeunganisha VLAN mbili tofauti bila kujua, na CDP (ile ya swichi za Cisco kutambuana) itaanza kukupigia kelele kwenye logi.

@kijana_wa_tudor mwanangu wewe umetupa jibu kwa mdomo wako ila hujaliona. Mashine inayokufa na kufufuka kwa kurestatiwa si bagi. Vswichi ya kawaida ya ESXi, yaani swichi ya ndani ya seva, usipoigusa, inagawa mashine kwa aplinki (mguu wa kwenda swichi ya nje) kulingana na poti yake ya ndani, hii inapewa vmnic0, hii vmnic1, na inakaa hapo hapo mpaka izimwe na kuwashwa ama ile aplinki ikatike. Kwa hivyo ukirestati ni kama unatupa shilingi. Ingia kwenye seva kwa SSH, piga `esxtop`, kisha bonyeza herufi n, tazama safu ya TEAM-PNIC. Utuambie zilizokufa ziko mguu gani.

Halafu ingia B, si A, upige hizi mbili:

```
show vlan id 40
show interface trunk
```

---

kijana_wa_tudor

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimeenda mwenyewe mpaka kule na kebo ya konsoli manake SSH ya B haikuwa inanikubali, baridi la mle ndani si la dunia hii na ukitoka nje miwani yote inafuka huoni mlango.

esxtop: zilizo hai zote vmnic0. Zilizokufa ZOTE vmnic1. Wallahi nimetazama mara mbili.

Na B nikiuliza `show vlan id 40` inaniambia haipo. Lakini sielewi, mbona `show interface trunk` kule B inaonyesha 40 kwenye orodha ya zilizoruhusiwa?

---

bi_mkubwa_nyali

Marahaba.

Ndo hapo wengi wanapokwama. Kuruhusu VLAN kwenye tranki na kuiunda VLAN ni vitu viwili, na swichi haitakukemea ukifanya kimoja ukaacha kingine. B umeiambia 40 ipite, lakini VLAN yenyewe haipo kwenye swichi ile, ni sawa na kuandikiwa kibali cha kuingia nyumba ambayo haijajengwa. Fremu ya 40 inafika poti ya B, swichi inaangalia, haina VLAN hiyo, inaitupa kimya kimya. Hakuna eroo, taa ni ya kijani, poti iko ap.

Ile `show interface trunk` isome mpaka chini usiishie juu. Sehemu ya juu inakwambia ulichoruhusu. Nenda kwenye STP Forwarding, hiyo ndiyo inayokwambia kinachopita kweli. Nakuhakikishia kwa B utaona 10, 20, 30 na basi.

Na usitegemee A ikamfundishe B. VTP, ile ya swichi kupeana orodha ya VLAN, kwenye Nexus imezimwa mpaka uiwashe wewe mwenyewe, na mimi nakushauri uiache hivyo hivyo ilivyozimwa. VLAN inaundwa kila swichi kwa mkono:

```
vlan 40
  name KAMERA
```

Ifanye B, kisha hakikisha Po1 inaibeba pande zote mbili, manake faiawali iko A, kwa hivyo kila fremu ya vmnic1 ni lazima ivuke Po1 ndo ifike kwa geti.

@mahamri_na_swichi na hiyo `all` yako isingemsaidia chochote, VLAN haipo. Tena kuachia zote kwenye poti ya seva maana yake kila brodikasti ya kila VLAN inaishukia ile seva na haina haja nayo.

---

mahamri_na_swichi

Haya Bi Mkubwa nimenyamaza 😂 lakini kwenye Po1 ya kati ya swichi mi naacha zote na sijaona ubaya.

---

bi_mkubwa_nyali

Kwenye Po1 hapo sikukatalii, wengi wanafanya. Mimi naorodhesha hata hapo, kila mtu na mazoea yake.

---

fundi_makupa

Kijana kabla hujagusa Po1 nikwambie kitu kimoja. Ukitaka kuongeza VLAN kwenye tranki inayofanya kazi andika neno `add`:

```
interface port-channel1
  switchport trunk allowed vlan add 40
```

Ukiandika `switchport trunk allowed vlan 40` bila `add` hujaongeza, umefuta zote na kubakisha 40 pekee. Nlishaona ofisi moja mtu alifanya hivyo saa nne asubuhi kutoka kwake nyumbani, na VLAN ya usimamizi ilikuwa inapita kwa tranki hiyo hiyo, kwa hivyo kilichomkatikia kwanza ni yeye mwenyewe, ikabidi atafute matatu mpaka mjini na simu zinalia njia nzima. Na uandike kwenye Po1 yenyewe sio kwenye zile Ethernet zilizo ndani yake, ukizitofautisha poti za kundi moja zinaanza kugombana.

Nlitaka pia kumuuliza Bi Mkubwa, kwa nini asifunge ile miguu miwili ya seva kwa LACP (iwe kama waya mmoja) akamaliza haya mambo ya kubahatisha mguu?

---

bi_mkubwa_nyali

Sababu mbili. Vswichi ya kawaida ya ESXi haijui LACP, inayojua ni ile ya kusambazwa na hiyo ina leseni yake, na nina shaka kampuni ya mizigo ya raki mbili imeilipia. Akiwasha LACP upande wa Nexus tu, poti zitasubiri jibu ambalo haliji na NX-OS itazisimamisha. Ya pili, miguu iko kwenye swichi mbili tofauti, na swichi mbili hazijifanyi moja bila vPC, ambayo hana. Alivyo sasa ni sawa kabisa, kinachotakiwa ni A na B ziwe na VLAN zile zile.

---

dada_kongowea

Samahani nadandia. Mimi kesi yangu ni tofauti kidogo, swichi ya Catalyst ya zamani ofisini nimeiunganisha na Nexus, upande wa Nexus nimeandika trunk, upande wa Catalyst nikaacha `dynamic auto` manake nlisoma kwamba inajitambua yenyewe. Taa zawaka lakini VLAN hazipiti ila moja.

---

fundi_makupa

Dadangu hiyo ya kujitambua ni DTP, na NX-OS haizungumzi DTP kabisa. Catalyst inasubiri kuitwa na hakuna wa kuiita, kwa hivyo inabaki poti ya akses, ya VLAN moja tu. Andika kwa mkono, na kama ni ya zamani za aina ya 3560 ama 3750 itakukatalia `mode trunk` mpaka kwanza uiambie dot1q, manake zilikuwa zinajua na ISL, aina nyingine ya tagi:

```
switchport trunk encapsulation dot1q
switchport mode trunk
switchport nonegotiate
```

---

dada_kongowea

Imesimama!! Mungu akuweke.

---

kijana_wa_tudor

Nimerudi. Nimeunda 40 kwenye B, Po1 nimeangalia ilikuwa nayo tayari. Mashine zote tano zinapingi geti, nimerestati kila moja makusudi nione kama itakufa, hakuna iliyokufa. Nimeona STP Forwarding ya B sasa ina 10,20,30,40. Bi Mkubwa nakudai uniambie kahawa unakunywa wapi.

Swali dogo la mwisho kabla sijafunga. Nikirestati seva nzima poti yake kwenye swichi inakuja ap lakini inachukua kama nusu dakika ndo data inapita. Ni kawaida?

---

bi_mkubwa_nyali

Ni spaningi-trii (ile STP), inadhani pengine upande wa pili kuna swichi kwa hivyo inazuia data sekunde 15 na kujifunza sekunde 15 nyingine. Kwenye poti za seva peke yake weka:

```
interface Ethernet1/5-7
  spanning-tree port type edge trunk
```

Hilo neno `trunk` la mwisho usilisahau, bila hilo kwenye poti ya tranki halifanyi kazi. Na USIWEKE kwenye Po1. Pale ni swichi kwa swichi na siku mtu akichomeka waya wa ziada kati yao utapata lupu (data inayozunguka bila kikomo) ya kuangusha raki zote mbili.

Kahawa ya Mji wa Kale yoyote, ya tungu, na mkate wa sinia pembeni.

---

fundi_makupa

Kijana, ume-`copy running-config startup-config` kwenye zote mbili? Stima za kwetu unazijua.

---

kijana_wa_tudor

...A ndiyo. B naenda sai.