Naomba ushauri: taa ya Navratri ndani ya fleti

Habari zenu ndugu. Sisi ni Wahindu wa Kigujarati, tunaishi Dar. Mwaka huu Navratri, siku tisa za kumwabudu Mama Durga, mungu wetu wa kike, tutaifanyia nyumbani, maana mama mkwe hawezi tena kwenda hekaluni Kisutu kila usiku. Tutaweka garbo, kile chungu cha udongo chenye matundu, taa ya samli ikiwaka ndani: chungu ndio mwili, mwanga ndio uungu uliomo ndani yetu. Mama mkwe anataka taa isizimike usiku na mchana. Mchana sisi tuko kazini, watoto wanabaki na dada. Naogopa moto, ila imani yake naiheshimu sana. Je, kuwasha asubuhi na jioni tu, wakati wa aarti (ibada ya kuzungusha taa mbele ya mungu), kunatosha? Mliowahi kuiwasha mfululizo fletini, mliiweka wapi?