Laptopu ya zamani haiwaki, nitatoaje mafaili kwenye hadi diski yake?

Mwana_Kijichi
Wakuu habari za jioni. Kuna laptopu ya mzee hapa nyumbani, ina Windows 7, haiwaki hata ikiwa kwenye chaja. Yenyewe haina thamani tena, ila ndani kuna picha za familia na skani za hati ya kiwanja ambazo hazina nakala kwingine. Fundi anataka nimwachie wiki nzima. Naweza kufanya mwenyewe? Nina laptopu nyingine ya Windows 10 na eksteno ya GB 320.

Fundi_Waya
Mkuu, laptopu kutowaka haimaanishi diski imekufa. Mara nyingi tatizo ni ubao mama au njia ya umeme, na diski ni nzima.

Chomoa chaja na betri kwanza. Geuza laptopu, fungua kifuniko cha chini. Diski ni kile kisanduku bapa cha inchi 2.5, kwa kawaida kimeshikwa na fremu. Ukishatoa skrubu zake usiinyanyue juu, isukume pembeni ichomoke kwenye soketi, la sivyo utavunja plastiki ya pini. Kisha tazama mdomo wake. Ukiona vipande viwili bapa, kimoja kifupi na kimoja kirefu, hiyo ni SATA. Ukiona sindano zimejipanga safu mbili, hiyo ni IDE, na adapta yake ni tofauti.

Adapta ya SATA kwenda USB 3.0 utaipata Kariakoo, ulizia maduka ya vifaa vya kompyuta. Diski ya inchi 2.5 inatumia volti 5 tu, kwa hiyo USB inatosha. Ikiwa inawaka na kuzima yenyewe, tundu halitoi umeme wa kutosha: tumia tundu la USB 3.0 na achana na hab (kigawanyaji cha matundu ya USB).

Dada_Tabata
Naongezea hapo kaka. Ukichomeka, Windows inaweza kukuuliza kama ui-fomati diski. KATAA. Ikikuambia ina hitilafu na inataka kuikagua na kuirekebisha, kataa pia. Ukaguzi ule unaandika kwenye diski, na diski inayokufa haiandikwi kitu.

Ukifungua Users ukaambiwa huna ruhusa, ni kwa sababu folda ni za akaunti ya laptopu nyingine. Ukibonyeza kuendelea, Windows inabadilisha ruhusa za folda, yaani nayo inaandika. Njia safi ni kuwasha laptopu yako kwa flashi ya Ubuntu (aina ya Linux), uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Linux haijali ruhusa zile.

Ila kabla ya kukopi chochote pima afya ya diski kwa CrystalDiskInfo, programu ya Windows. Angalia mistari ya 05, C5 na C6: inahesabu sekta (vipande vidogo vya diski) zilizobadilishwa, zinazosubiri na zisizosomeka.

Mwana_Kijichi
Shukrani sana. Ni SATA, GB 500, imesomeka. CrystalDiskInfo inaonyesha njano. 05 ni sifuri zote, C5 mwishoni imeandikwa A8. Nilijaribu kukopi folda ya picha, imefika katikati imeganda.

Chuma_Chakavu
Ifunge kwenye nailoni uiweke friza usiku kucha, itasoma.

Fundi_Waya
Usifanye hivyo mkuu. Kwa joto na unyevu wa Dar, diski ikitoka friza inatoka jasho, na matone yakiganda juu ya sahani, kichwa cha kusomea kinakwenda kuyagonga. Na asikudanganye mtu kuifungua kifuniko. Vumbi moja tu la mezani linatosha kuiua.

Dada_Tabata
A8 hiyo si kosa la maandishi, programu ile huonyesha namba kwa mfumo wa 16. Ni sekta 168 ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje. Acha kukopi kwa kuburuta. Windows ikikuta sekta mbovu inarudia palepale, na kila kurudia kunamaliza kichwa.

Chukua nakala kamili ya diski nzima kama faili moja (image) kwa ddrescue, programu ya Linux ya kunakili diski mbovu. Inahitaji eksteno yenye nafasi zaidi ya GB 500, hata kama mafaili ya mzee ni GB 60 tu, kwa hiyo yako ya 320 haitoshi. Iwe imefomatiwa kwa NTFS au exFAT. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Ndani ya Ubuntu sakinisha gddrescue (ndiyo pakiti yake), andika lsblk uone orodha ya diski, tambua diski kwa ukubwa wake. Ingia kwenye folda ya eksteno, kisha:

sudo ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map

Badala ya sdb weka jina ulilolikuta kwako. Chanzo kinatangulia, mahali pa kuhifadhi panafuata. Awamu hii inachukua sehemu nzima kwanza na kuruka mbovu. Ikiisha, rudia amri ileile ukiweka -d -r3 mahali pa -n, ndipo inarudi kwenye mabaki. Faili la map linakumbuka ilipofikia, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea, huanzi upya. Hata hivyo laptopu iwe na betri nzima, maana umeme unaweza kukatika bila taarifa.

Mwana_Kijichi
Na ikianza kugonga tik-tik?

Fundi_Waya
Chomoa papo hapo. Huo ni mlio wa kichwa, hakuna programu itakayousaidia. Hapo ni wataalamu wa kuokoa data wenye chumba kisicho na vumbi, na ni gharama. Kama hati ya kiwanja ndiyo muhimu, nakala ya hati huombwa ofisi ya ardhi, usiue bajeti kwa ajili yake. Picha ndizo zisizo na mbadala.

Dada_Tabata
Ukimaliza, weka diski kando, usiiguse tena. Fungua diski.img kwa 7-Zip kwenye Windows, ingia kwenye sehemu (partition) kubwa, utoe folda ya Users. Kama haifunguki, elekeza PhotoRec (programu ya kuokoa mafaili) kwenye img hiyo hiyo: itatoa picha, ila majina na folda vitapotea, na picha zilizokaa kwenye sekta mbovu zitakuwa na ukanda wa kijivu kuanzia pale data ilipokatika.