Tupeane uzoefu: vijana wa Goma, mlianzia wapi kuhudumia mtaa na kudai haki?

Mwenye uzi, Himbi

Jambo wote. Wako wazee wanaosema vijana wa Goma wanajua kupiga kelele tu. Wako wengine wanaosema tunajua kushika fagio siku ya salongo, yaani usafi wa pamoja wa mtaa, lakini kumuuliza mkubwa swali hatuthubutu. Mimi naona katika mji huu kazi hizo mbili zimekuwa pamoja tangu zamani. LUCHA, harakati ya vijana ya kudai haki, ilipozaliwa hapa mwaka 2012, vijana walianza na habari za maji na ajira, mambo ya nyumbani kabisa, ndiyo maana hata mama asiyefuata siasa aliwaelewa.

Naomba simulizi zenu wenyewe. Mlifanya nini kwa mikono yenu, kisha mlimwendea nani, naye alijibu nini?

Sharti ni moja. Tangu mji uingie mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kila mtu ana sababu ya kuwa mwangalifu. Msitaje majina, msiseme mnakutania wapi, msitie picha zenye sura za watu. Taja kartie (mtaa wako), inatosha.

Kyeshero

Mimi nitasema maji. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu mabomba na tangi upande wa Buhene, watu wengi sana wakabaki bila maji ya robineti (bomba). Ziwa Kivu likajaa bidoni kuliko kawaida, na kipindupindu hapa kwetu hakingoji kualikwa. Kando ya ziwa kulikuwa na sehemu za kutilia klorini. Unachota, unapitisha bidoni yako ya lita 20 kwa mtu mwenye bomba la sindano, anatia dawa, unangoja nusu saa ndipo unywe. Nilijitolea pale. Kutia dawa ni kazi ya sekunde chache. Kazi yenyewe ni kuzungumza na mtoto anayekimbilia shule na hataki kusimama, na mama anayesema maji yananuka hospitali. Ukimjibu kwa ukali, kesho atachotea mbali nawe, na wanawe watakunywa hivyo hivyo.

Kwenye foleni ile ndipo tulipopata wazo la daftari. Kijana mmoja katika kila avenyu aliandika jioni: robineti ya mtaa imetoa maji au haikutoa, saa ngapi, bidoni imeuzwa franka ngapi. Lilipojaa tukalipeleka kwenye ofisi inayohusika. Tulikuwa tumezoea kuambiwa "mvumilie, tatizo linajulikana". Safari hii mkubwa alifungua kurasa, akasoma kimya, akamwita fundi. Upande wetu mmoja ulikuwa umefungwa vali huko juu na hakuna aliyekumbuka kuifungua! Maji yalirudi. Hayatoki kila siku, lakini kinamama wa avenyu ile waliacha kuwatuma wasichana ziwani alfajiri, na kwangu hilo ni kubwa.

Mugunga

Aksanti yaya (mkubwa wetu) wa Kyeshero. Sisi adui yetu haonekani. Mnajua mazuku: hewa ya kaboni inayotoka kwenye miamba ya volkano, nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala mabondeni hasa usiku na alfajiri kabla ya jua na upepo kuitawanya. Mbuzi anaingia shimoni hatoki. Mtoto naye vilevile, kwa sababu kimo chake kiko karibu na ardhi.

Sisi tuliozaliwa huku tumefundishwa na bibi zetu mahali pa kutokukanyaga. Lakini vita vilipowaleta wakimbizi wa Rutshuru na Masisi kwa wingi, mwaka 2022 na 2023, walijenga vibanda vya turubai Bulengo na Lac Vert, na wao hawakuwa na bibi wa kuwaonyesha. Tukazunguka na wazee wawili wa hapa wanaojua kila shimo. Tulisimika fito zenye vitambaa vyekundu, tukapita kibanda kwa kibanda tukieleza: usimlaze mtoto chini katika bonde, usiingie shimoni kumfuata mnyama, ukiona nyasi zimekauka na wadudu wamekufa, ondoka.

Vitambaa vilikuwa vinaibwa. Siwalaumu, mtu asiye na nguo hata kitambaa ni mali. Tukaenda kwa wasimamizi wa kambi kuomba alama za chuma, na familia zilizojenga ndani ya bonde zihamishwe. Alama zilikuja chache. Kuhamisha familia kulichukua muda mrefu kupita kiasi, na nasema wazi kwamba hapo kuna watu walilegea. Tuliendelea kurudi, tukifuatana na baba mmoja wa kambini ambaye familia yake ililala bondeni. Akisema yeye, walinyamaza wakasikiliza.

Majengo

Ndugu zangu, nawaheshimu, lakini mimi niko tofauti kidogo. Kikundi chetu kilizoa taka miezi mingi, mapipa tulinunua wenyewe. Mwisho wake mtaa ukaona sisi ndio huduma ya taka, na waliopewa kazi hiyo wakaacha kupita kabisa. Kodi ya soko wanaendelea kutoza! Ndipo tukabadilisha mpango: tunasafisha Jumamosi moja, na siku hiyo hiyo tunawakusanya wauzaji wanaolipa kodi, kila mmoja analeta risiti zake, na barua inaandikwa pale pale. Nguvu ya kijana haina budi kuishia kwenye karatasi yenye saini za watu wa mtaa. Vinginevyo tunawapumzisha wanaolipwa.

Mwenye uzi, Himbi

Majengo, hapo kwenye risiti umenifungua macho. Barua inayoandikwa pamoja na anayelipa kodi ni ngumu kuitupa.

Katindo

Mimi ni msichana, na swali la kwanza kwetu huwa ni la mama. Mwaka 2016 vijana sita wa LUCHA walikamatwa hapa Goma wakitayarisha bango za siku ya mji kulala, yaani watu wabaki nyumbani na kazi zisimame kama njia ya kupinga, tarehe 16 Februari, wakafungwa. Mmoja wao alikuwa Rebecca Kabugho, ambaye mwaka uliofuata alipewa tuzo na Marekani kwa ajili ya ushujaa wake. Watu wanataja tuzo. Mama yangu anataja gereza la Munzenze.

Kwa hiyo sikumwambia "nakwenda kudai haki". Nilimwalika aje aone darasa letu: jioni tunawasomesha wasichana walioacha shule kwa sababu ya ada au mimba. Alikuja, akaketi, akamtambua binti wa jirani. Juma lililofuata yeye ndiye aliyekwenda na kinamama wengine kwa mkurugenzi wa shule kumwombea binti yule arudi darasani na mtoto wake aachwe kwa bibi. Amerudi.

Birere

Fupi tu. Tarehe 27 Mei 2021, amri ya kuhama kwa hofu ya volkano ilipotoka, watoto wengi walipotezana na wazazi njiani kuelekea Sake. Sisi tulikuwa na kalamu. Tuliandika majina, kartie na jina la mama, tukawapa wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu. Kila mwenye kikundi afundishe vijana wake hili.

Katuba, Lubumbashi

Nasoma kutoka mbali. Kwetu transfoma imeungua, kartie nzima iko gizani, vijana tumekwisha kuchangisha saini. Barua tuanze nayo vipi isitupwe?

Kyeshero

Ndugu wa Katuba, anzia kwenye Katiba ya 2006, kifungu cha 27: Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kitaje kifungu hicho katika mstari wa kwanza. Ukitaka kuandamana, kifungu cha 26 kinadai uwaarifu wakuu kwa maandishi, basi usichanganye barua hizo mbili. Toa nakala mbili, moja wakupigie muhuri wa kupokea wenye tarehe, uirudishe mtaani ikakae kwa mama anayeaminiwa, si kwa mwenyekiti wa kikundi. Halafu mtuandikie hapa walivyojibu.