Mjadala: Wenye iliki waliondolewa, chai ikabaki. Msitu wa Amani umenufaika kweli?

Wadau, tujadili bila jazba. Kule Derema, milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, miaka ya 2000 wakulima wa iliki walilipwa fidia waachie mashamba ili msitu wa Amani uungane na misitu ya kaskazini. Sawa. Lakini ukipita barabara ya Kwamkoro, unachokiona katikati ya msitu na msitu ni nini? Chai. Imekatwa usawa wa kiuno, kilima hadi kilima, halafu ghafla unakutana na ukuta wa miti.

Mti hautembei. Kinachotembea ni chavua na mbegu, na vyote vinahitaji mbebaji. Mwaka 2003 watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha habari za Leptonychia usambarensis, mti wa milima hii hii: kwenye vipande vya msitu vilivyotengwa, ndege wa kubeba mbegu ni wachache, mbegu nyingi zinaishia chini ya mama yao, na miche ni haba. Hapo miti ndugu itaishia kuoana yenyewe kwa yenyewe. Na hasara yenyewe haionekani haraka, kwa sababu miti mizee iliyosimama leo ilizaliwa kabla msitu haujakatwa vipande, bado imebeba vinasaba vya enzi hizo. Ukitaka kujua hali, pima vinasaba vya miche.

Kwa hiyo nasema: shamba la iliki chini ya miti ya asili lilikuwa njia nzuri ya ndege kuliko chai. Tuliondoa daraja, tukaacha mto. Nipingeni.

Mtoto wa Mkulima: Mkuu, nakupinga nusu. Mzee wangu alikuwa na iliki mteremkoni. Fidia alipata, ikaisha kabla ya mwaka, hiyo tuiache. Ila tusidanganyane: iliki inataka kivuli, haitaki magugu, na kwetu "magugu" ilikuwa kila kilichoota. Panga likipita, mche wa mti wa maana unakwenda na majani. Juu unaona msitu, chini hakuna mrithi. Halafu udongo ukichoka, inaingia mihogo au miwa.

Jingine. Tulikuwa na misambu miwili, ile miti ya asili yenye mbegu za mafuta (Allanblackia), mmoja unazaa, mwingine hauzai. Mzee akaukata ule "mvivu". Kumbe msambu una dume na jike! Wala hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Afisa Misitu Mstaafu: Huyo kijana kasema kweli, na kosa la msambu nimeliona kwa wengi. Nami niongeze: chai si ukuta kwa kila kiumbe. Hondohondo, yule ndege mkubwa, anaivuka, mabawa unayasikia kabla hujamwona. Shida ni anachobeba. Anapenda sana matunda ya Maesopsis, mti ulioletwa enzi za ukoloni, nao umesambaa hadi ndani ya msitu. Ndege wadogo wa chini ya msitu, wale wanaoitegemeza Leptonychia, hawathubutu kukaa juani namna ile. Kwa hiyo daraja la nani? Usiseme tu "ndege".

Mchuma Chai: Mnaongea kama chai imejipanda. Sisi tunakula hapo. Ikiondolewa, kuni tutazifuata wapi kama si huko huko msituni?

Mwanzisha mada: Dada, sijasema chai iondoke. Na kuhusu iliki nakubali nimepigwa. Nilitazama juu, sikutazama chini. Basi nibadili swali. Kwenye mashamba ya chai kuna mabonde yenye vijito ambako chai haistawi vizuri. Miti ya asili ikipandwa humo, mfululizo, kutoka kipande hadi kipande, mbegu zikikusanywa kwa mama wengi na si mti mmoja wa kando ya barabara, ndege mdogo anapata pa kupumzikia. Misambu ipandwe mingi, dume na jike. Nani alipe: mwenye shamba, serikali, au mnunuzi wa chai huko ng'ambo? Mstaafu, anza wewe.